Kombi Uliyoiziba Mwenyewe

Baba Zuhura, mume wangu,

Baridi imerudi Johannesburg. Asubuhi nyasi za hapa La Rochelle zinakuwa nyeupe, na bomba la uani limeganda tena, tunasubiri jua litoke ndipo tupate maji ya chai. Ungekuwepo ungeshalalamika kwamba nchi hii Mungu aliisahau nje usiku kucha.

Maneno haya ningeweza kuja kukusomea kaburini, yakaisha huko huko. Nimeyaandika wazi kwa sababu watu wetu wamejaa Berea, wamejaa Rosettenville, na wengine wako barabarani wanalala ndani ya magari yao, na wengi wanaamini ulichokiamini wewe. Wasome. Najua hutaona aibu, maana ulipenda sana kuzungumzwa.

Unakumbuka msimu wetu wa kwanza na kombi? Tulikuwa tumetoka Durban kuchukua mablanketi. Ukajaza tangi huko huko chini, ukajisifu kwamba dizeli ya pwani ni safi kwa sababu hushushwa melini hapo hapo. Tukapanda hadi Free State, tukalala kwenye kile kimji chini ya milima ya Lesotho ambako wazee hununua mablanketi wakishapokea pensheni. Alfajiri ukapiga stata, kombi ikakohoa, ikazima. Ukafungua chujio, ukakuta dizeli imeganda kama mafuta ya nazi wakati wa kipupwe. Ukabaki umelishika mkononi, unalitukana.

Ni yule dereva wa lori, Mkongo, aliyekuja kutucheka. "Papa, ile mazout umetoka nayo Durban haiwezi huku juu," alikwambia. "Inaganda. Tia mazout ya huku huku."

"Kwani mafuta yana kabila?" ukamuuliza.

"Yana kabila, papa. Sawa na siye."

Tulikaa mpaka jua likapanda, tukila mkate mkavu, na wewe ulikuwa umenuna. Lakini ulijifunza. Tangu hapo kila msimu wa baridi ukikaribia uliugeuza ua kuwa gereji. Ulibadilisha chujio, ukamwaga maji yaliyotuama chini ya tangi, ukatia kwenye rejeta dawa ya kuzuia kuganda, ukasugua vichwa vya betri. Zuhura ulimfundisha kufungua swichi na kungoja taa ya plagi izime kabla ya kupiga stata. "Usiwe na pupa, acha injini ipate joto," ulimwambia, naye akakujibu kwa Kizulu, ukacheka kana kwamba umeelewa.

Msimu uliopita ulisema sasa ni zamu ya baridi ya ndani. Ukatandika sponji na zulia kwenye kuta zote, ukazungushia milango mpira, ukapaka silikoni kila tundu, pamoja na yale matundu ya hewa ya darini. Ukaniingiza ndani ukafunga, ukamulika tochi kwa nje. "Unaona mwanga?" ukauliza. Nikakujibu kwamba sioni hata chembe. Ukafungua mlango umejaa furaha kama umejenga ghorofa, na kusema kweli ilikuwa kazi safi.

Halafu ukaenda Free State peke yako, na jiko la mkaa nyuma ya kiti.

Kwenu Lushoto ndivyo mlivyolelewa. Jiko huwashwa nje, mkaa ukishaiva na moshi ukakoma, mama huliingiza chumbani na watoto wanalala kwa raha. Ulinisimulia mara nyingi, kwa sauti ya mtu anayeikumbuka nyumba yao. Mkaa mwekundu hauna madhara, ulisema, chenye madhara ni moshi. Basi ukafanya kama mama yako alivyofanya. Uliliwasha nje kwa subira, ukangoja moshi uishe, ukaliingiza, ukafunga ule mlango usiopitisha mwanga.

Bibi mmoja wa Kisotho alikuja kugonga asubuhi, anataka blanketi. Alipoona huitiki akaita watu. Daktari alinieleza kwamba mkaa mwekundu ndio huo huo unaotoa hewa mbaya, haina harufu wala rangi, mtu huiona ni usingizi tu. Akasema hukuteseka. Sijui kama ni kweli au alinihurumia.

Msibani walisema baridi imekuua. Nikawasahihisha mpaka nikachoka. Baridi ulikuwa umeishinda, Baba Zuhura, uliifungia nje yote. Mmoja akanong'ona kwamba sikio la kufa halisikii dawa, nami nikamtaka aondoke mbele yangu. Dawa ipi? Nani alikupa ukaikataa? Walikuwemo watu pale waliokuwa wamelala na jiko juzi yake tu, hawakujua, na wewe hukujua.

Mama yako alinipigia kutoka Lushoto. "Mbona wanangu wote nimewalea na jiko chumbani?" aliniuliza. Nikamweleza kwamba nyumba yake ina mianya juu ya kuta, upepo unaingia na kutoka apendavyo Mungu, ila wewe yako uliiziba. "Alikuwa fundi tangu mdogo," akasema, kisha simu ikakatika.

Nilitaka kuiuza kombi. Binti yako akakataa. Sasa ana leseni na kichwa kigumu kama chako. "Mama, mimi ndo naenda," aliniambia. "Blanketi za winta tutauza lini, December kwenye joto?" Nikampigia kelele, nikamwambia sitazika tena. Akalia, nami nikalia, na kesho yake tukashuka uani na boksi lako la vifaa.

Ya injini hayakutusumbua. Chujio jipya, rejeta, betri, vyote tulivifanya kama ulivyotuonyesha, na dizeli tulikubaliana kujaza huko huko juu. Shida ilikuwa ule mpira na silikoni. Kwenye tundu la dari kulikuwa na alama ya kidole chako gumba, umekandamiza silikoni ikakauka na mistari yote ya ngozi. Zuhura akaleta kisu. Nikamwambia, "Lete hapa, mimi ndiye mkewe." Nikakata. Nililia kama siku ya mazishi na nilikukasirikia sana, kwa sababu kazi ya mwisho ya mikono yako nilipaswa kuiharibu mimi, na nzuri namna ile. Nilipomaliza, Zuhura akainua kiganja darini, akasikia hewa inapita. "Sharp, Mama, iko sawa," akasema taratibu.

Tumeenda sote wawili, hadi kile kimji. Jiko sikulipakia. Tulilala na nguo zetu zote mwilini, tukajifunika mablanketi ya biashara, na upepo uliingia juu na chini kama hatujafunga mlango. "Eish, Mama, nakufa na baridi," akasema. Nikamjibu kwamba hafi, nikamkumbatia, nikasema kimoyomoyo kila dua niliyofundishwa.

Kulipokucha vioo vilikuwa na barafu kwa ndani. Meno yaligongana, vidole vya miguu sivisikii. Kwa hofu nikamtikisa mwanao, nikaita jina lake.

"Mama, niache bwana, nimelala!" akanifokea, akavuta blanketi kichwani.

Mungu akurehemu, mume wangu. Sisi tutaendelea kutetemeka.

Mkeo,
Mama Zuhura