Kuku Waliojiondoa kwa Hiari

Mpendwa mshauri, salamu kwa jina la Mungu aliyetufikisha leo. Mimi ni mama wa makamo, shule niliishia ya msingi nikajifunza ushonaji, kwa hiyo nivumilie nikiandika kama ninavyoongea, ila naomba msaada wako kabla ya Jumapili, kwa sababu Jumapili nimepangiwa kumshawishi mtoto wa watu aseme uongo, na chakula cha siku hiyo nitapika mimi.

Mume wangu ni mhadhiri wa mambo ya mifugo chuo kikuu, na utafiti wake unagharamiwa na kampuni moja inayotengeneza chakula cha kuku, na kusema kweli mwanzoni tulifurahi, maabara ikapata friji, jengo likapakwa rangi ya mifuko ya kampuni, mimi nikapata mapazia mapya ya sebuleni, halafu kampuni ikaleta bwana mmoja wanayemwita mlezi wa utafiti, mtu mpole, ananukia vizuri, akapewa ofisi pale pale, na siku hizi mume wangu anabisha hodi kwenye maabara yake mwenyewe. Yule mlezi aliwahi kuniambia, "Mama, sisi hatuingilii utafiti hata kidogo, tunausindikiza tu." Nikamwamini, maana alisema mkono ukiwa kifuani.

Utafiti wenyewe ulikuwa kuona kama kuku wakila chakula cha kampuni watataga zaidi kuliko wenzao, na kazi ya kuwalisha na kuandika kila kitu aliifanya binti mmoja, mwanafunzi wa mume wangu wa shahada ya pili, mtoto mnyamavu ambaye kwao ni mbali, kila Jumapili baada ya ibada anakula kwetu na mimi ananiita mama. Basi kuku wakaanza kufa, na si wale wa chakula cha kawaida, ni wale wa kampuni. Mume wangu akarudi nyumbani amenyong'onyea, akaniambia, "Mama watoto, utafiti wangu unahitaji maombi," nami nikaupeleka kwenye kikundi chetu cha sala, tukaomba matokeo mema, akina mama wengine wakafunga kabisa, kumbe matokeo yalishatoka zamani, tulikuwa tunamsumbua Mungu ayabadilishe.

Mungu hakuyabadilisha, mshauri, lakini mlezi akapata njia. Alisema ripoti ihesabu kuku waliobaki hai tu, na wale waliokufa iandikwe kwamba walijiondoa kwenye utafiti kwa hiari, kama inavyoandikwa watu wanapochoka kuhojiwa. Mume wangu akakubali. Mkuu wa kitivo naye akakubali, akasema kwenye kikao kwamba uhuru wa kitaaluma uko pale pale, kila mtu ana uhuru wa kukubali kwa maneno yake mwenyewe. Aliyekataa ni binti peke yake, na bila saini yake ripoti haiendi popote, na bila saini ya mume wangu yeye hahitimu.

Juzi tukiwa mezani mume wangu akaniambia, "Huyu binti anakusikiliza wewe. Jumapili mlezi atakuja kula nasi, wewe mlainishe tu asaini."

Nikamuuliza, "Asaini nini?"

"Kwamba wale kuku walijiondoa."

"Wakaenda wapi?"

"Mama watoto, hayo ni mambo ya kitaalamu."

Nikasema basi nimpime binti kidogo kabla ya Jumapili, nikampigia simu, nikamwambia mwanangu, si ni maneno tu, kwani kuna ubaya gani. Akasema, "Mama, walikufa. Niliwafukia mimi mwenyewe nyuma ya banda. Hakuna hata mmoja aliyeniaga." Nikacheka, Mungu anisamehe, halafu nikasikia analia, nikajua yule mtoto alikuwa amenitegemea mimi kuwa mtu wa kumwambia hajakosea.

Na kuna jambo jingine linanichoma. Mimi nina kuku wangu hapa nyumbani, na kampuni ilipowagawia wafanyakazi mifuko ya bure nilitaka mmoja, mume wangu akaniambia, "Hicho usithubutu kuwapa kuku wetu." Sasa mwenyekiti wetu wa kikundi cha sala ameniuliza kama chakula kile ni kizuri, kwa sababu kwenye mfuko kuna nembo ya chuo na mimi ni mke wa mwenye utafiti, nami nikajifanya nimeitwa jikoni. Nyumba tunayokaa ni ya chuo, mume wangu ameahidiwa uprofesa, na nimefundishwa mke amtii mume wake. Je, dhambi ni kumkatalia mume wangu, au ni kumshawishi yule mtoto? Naomba unijibu bila kunificha.

Ni mimi, Mama wa Mapazia

*

Mama wa Mapazia,

Pole, na nasema kwa moyo. Lakini umeomba nisikufiche, basi kaa vizuri.

Kwenye barua yako mapazia yamefika kabla ya yule binti. Sikulaumu kwa kupenda kitu kizuri sebuleni. Nakulaumu kwa ile "si ni maneno tu", kwa sababu ulimpigia mtoto anayekuita mama, ukamfanyia kazi ya mlezi kabla hata mlezi hajafika kula.

Unaniuliza habari ya utii. Mume wako hapa hakuamuru kama mume. Ametumwa na kampuni, naye amekutuma wewe, na wewe unatafuta andiko la kuifanya safari hiyo iwe takatifu. Mtii kwenye mambo ya nyumba yenu. Kuku wa watu hawamo.

Tena acha kujifanya hujui ukweli uko wapi. Mume wako ameshatangaza matokeo ya utafiti wake, tena kwa lugha nyepesi kuliko ya ripoti: amekwambia usiwape kuku wenu. Huyo ndiye mtaalamu uliyeolewa naye, na mimi bado namheshimu. Yule anayeamini kuku anaweza kujiondoa kwa hiari simjui, na nadhani hata yeye mwenyewe hajajizoea.

Kwa hiyo fanya hivi. Leo, si Jumapili, mpigie binti umwombe radhi kwa kucheka na kwa yale maneno. Mwambie hajakosea, na asisaini. Mwambie atoe nakala ya kumbukumbu zake zote za banda aziweke nje ya chuo, kisha aiandikie ofisi ya masomo ya juu kuomba msimamizi mwingine, aeleze sababu bila matusi, na abaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Asiende peke yake. Nenda naye, ukae pale kwenye benchi la wageni mpaka muhuri ugongwe. Huhitaji shahada kukaa kwenye benchi.

Mwenyekiti wako wa sala mjibu lililo kweli kwako: sisi hatuwapi kuku wetu. Usiongeze neno. Ataelewa haraka kuliko kitivo kizima.

Kwenye maombi mbadilishe ombi. Acheni kuomba matokeo, yapo. Mwombeeni baba huyo apate nguvu ya kusema neno moja mbele ya mkuu wake: walikufa. Inawezekana uprofesa ukachelewa, na nyumba ya chuo mkaiacha. Sitakudanganya kwamba haitauma. Lakini wewe una ushonaji wako na yeye ana elimu yake, na vyote viwili vinahamishika.

Jumapili pika kama kawaida, na binti akae karibu nawe. Ila mume wako asikusikie kwa mara ya kwanza mbele ya mgeni, wala kupitia kikundi cha sala. Jumamosi mkae wawili, mlango umefungwa, umwambie kwa sauti ya kawaida. Akikuuliza umemwambia nini yule mtoto, usizunguke. Mjibu kwamba umemwambia asisaini, na kwamba hata wewe, ungesoma kufikia alipofika yeye, usingesaini.