Maswali Ndani ya Simu ya Watu Wawili

Jumatatu, 4 Agosti

Uji wa mtama, bila sukari. Dawa ya asubuhi. Nimefagia uwanja, nimemwagilia mchicha. Naomba radhi kwa kukaa kimya tangu Ramadhani, ingawa daftari halimdai mtu maelezo. Sikuwa na jambo ambalo ningetaka kulisoma tena.

Sasa lipo, na bado sitaki kulisoma. Wiki iliyopita daktari alituita pembeni, mimi na binti yangu Zuhura, mume wangu Bakari akiwa bado anavaa shati. Saratani ya ini. Kuna matibabu Dar es Salaam. Hayaponyi. Yanaongeza muda, na yanachosha. Tuamue kabla mwezi haujaisha.

Bakari tumemwambia ni vidonda vya tumbo. Ndivyo tufanyavyo huku. Mgonjwa habebeshwi jina la ugonjwa wake. Zuhura alisema, "Baba akijua, ataondoka kabla ugonjwa haujamwondoa." Nikakubali. Sikupenda kukubali.

Alhamisi, 7 Agosti

Simu kubwa aliyotununulia mwanangu Salum ni ya nyumba nzima, yaani yangu na ya Bakari. Yeye husoma habari na mpira. Mimi huishika kwa nadra.

Leo alipokwenda msikitini adhuhuri, niliiandikia: *Tafadhali, mgonjwa wa saratani ya ini huishi muda gani?*

Jibu la kwanza lilikuwa la tabibu wa mitishamba. Anatibu ini, figo na ndoa. Kiswahili kibovu mno. Nisingempa mtu huyo hata kazi ya kuandika tarehe ubaoni. Hata hivyo nilimsoma hadi mwisho. Alitaka jina la mgonjwa, ugonjwa wake na namba ya simu. Nikajaza vyote.

Kisha nikafunga ukurasa, nikairudisha simu mezani. Nilidhani nimefunga na mambo yake.

Jumapili, 10 Agosti

Zuhura amekuja kutoka Likombe na ming'oko, mizizi ya porini. Tumeichemsha, tumekula na chumvi barazani. Bakari alikuwa na simu. Baada ya kila habari ya mpira, picha ya ini. Ini jekundu, ini jeusi, ini lenye mshale.

"Simu hii imekuwa bucha," akaniambia. "Mwalimu, umeagiza maini?"

Zuhura alicheka kupita kiasi. Mimi sikuweza. Bakari akanitazama, akarudi kwenye mpira.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeiuliza simu tena, Bakari akiwa anaoga. *Tafadhali, je, mgonjwa aambiwe ukweli?* Majibu mengi. Hakuna hata moja linalomjua Bakari.

Jumanne, 12 Agosti

Simu ililia, akapokea yeye. Nilikuwa jikoni natwanga kisamvu. Nilimsikia akisema, "Ndiye mimi." Akasikiliza. Kisha, kwa sauti aliyokuwa akiwapigia vijana wa kreni bandarini enzi za kazi yake: "Usipige tena hapa."

Nikamwuliza ni nani.

"Amekosea namba."

Aliyekosea namba haambiwi "ndiye mimi". Nina hofu.

Alhamisi, 14 Agosti

Ameniita nijifunze kununua umeme kwa simu. Nikasema kazi hiyo ni yake, ameifanya siku zote.

"Leo mwanafunzi ni wewe, Mwalimu. Haya, fanya tena."

Nikafanya tena. Kisha akanionyesha koki ya nje inayokaza, na namna ya kuilegeza. Kisha mahali anapoweka hati ya kiwanja. Nilikasirika. Nilimwambia sina haja ya kujua koki. Akasema, "Utaihitaji," akaenda kulala kabla ya chakula.

Amekonda. Kola ya shati inamzunguka shingo bila kuigusa.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimemweleza Zuhura kuhusu yule tabibu.

"Mama! Umempa mtu usiyemjua jina la baba?"

Alinikemea, na nilistahili. Akanionyesha neno dogo juu ya lile jibu la kwanza: tangazo. Anayelipa huwekwa juu, awe mkweli awe mwongo. Neno lilikuwa pale siku ile. Sikulisoma, mimi niliyezoea kuwasomesha wengine.

Kisha akafungua mahali ambapo simu huweka kila ilichoulizwa. Kufunga ukurasa si kufuta. Maswali yangu yote yapo. Na tangu Ijumaa ya wiki iliyopita, katikati ya maswali yangu, yapo yasiyo yangu:

*saratani ya ini inauma mwishoni*

*mjane kubaki na nyumba ya mume*

*mke mwenye presha akipata msiba*

*namna ya kumwambia mke kwamba najua*

Hilo la mwisho ni la Jumatatu. Liko karibu kabisa na langu la siku hiyo. Simu ilitujibu sote wawili, kila mtu kivyake, na sote ikatuletea tabibu yuleyule kwanza. Haikumwambia yeyote kwamba mwenzake yuko chumba cha pili, anauliza jambo hilohilo.

Zuhura alitaka kuyafuta yote. Akafungia namba ya tabibu. Mengine nilimkataza asiyaguse.

Jumapili, 17 Agosti

Baada ya alasiri nilimwambia Bakari. Jina la ugonjwa, alilosema daktari, jina lake nililolitoa mimi kwa mgeni. Sikupunguza neno.

Hakushtuka. Akasema siku ya Ijumaa ile alitaka taarifa ya habari. Kabla hajamaliza kuandika neno taarifa, simu ikamletea swali zima lililoanza na tafadhali. "Nani mwingine humu ndani anayeiuliza simu kwa adabu?"

Tabibu naye, alipopiga, alimtaja kwa jina, akalitaja na ini. Alitaka picha za kitambulisho na vyeti vya hospitali. "Nikamwambia, kijana, ini ni langu, kitambulisho ni changu, nitakwenda navyo mwenyewe."

Nikamwomba radhi. Akasema, "Ungeniuliza mimi." Hilo tu.

Kuhusu Dar es Salaam hajasema ndiyo wala hapana. Anataka kumsikia daktari kwa masikio yake. Tutakwenda Jumanne, na safari hii hataachwa akivaa shati. Simu tumeiacha ndani, tukakaa barazani hadi jua lilipohama ukutani. Uji wa jioni ameumaliza.

Atakapoamua, nitaandika humu, kwa maneno yake.