Siku Mbili za Kungoja Gari

Sumbawanga,
Jumanne, 20 Mei 2025

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi kwenye jua la asubuhi, na mguu umetulia zaidi kuliko wiki iliyopita. Huku mjini baridi imeshaanza, na ya huko Mwazye naijua. Blanketi lile nililotuma jifunike nalo, tafadhali. Usilifungie sandukuni kungoja wageni. Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Uchovu ninao, lakini si wa kulala ukaisha.

Dada Hellena, najua ni wewe unayemsomea mama yako barua hii. Nakuomba usome kama nilivyoandika mpaka mwisho, hata pale utakapotamani kuruka. Ningeweza kupiga simu, ila kwenye simu mimi huwa hodari mno wa kusema. Ndiyo kazi inayonilisha.

Shangazi, kazi yenyewe sijawahi kukueleza vizuri. Asubuhi tunaosha gari moja pale yadini, tunakouza magari, haraka haraka, kabla upepo haujaanza kutembea na vumbi. Kisha navaa koti la suti, ambalo ni la yadi, nashika funguo mkononi, na fundi wetu Yusto ananirekodi kwa simu. Naanzia mbele, taa na boneti. Napita ubavuni, nagonga tairi kwa ncha ya kiatu, nafungua mlango, naonyesha usukani na kilomita, nazunguka mpaka nyuma nafungua buti. Muda wote natabasamu. Pikipiki ikipita na honi, tunarudia. Jogoo wa jirani akiwika, tunarudia. Kuna gari niliwahi kulizunguka mara kumi na moja kwa ajili ya video ya dakika moja. Ikifika jioni mashavu yananiuma kama ya mtu aliyetafuna miwa kutwa nzima.

Bosi wetu, Shedrack, ndiye aliyenifundisha kusema. Alisema mteja wa mtandaoni hanunui gari kwa mchuuzi, ananunua kwa mtu anayeonekana kulimiliki. Kwa hiyo nisiseme gari hili linauzwa, niseme karibu uone chombo changu. Nikafanya hivyo. Watu wakaanza kuandika chini ya video, mshikaji umetoboa, mshikaji tupe na sisi njia. Wengine walikuwa wa huko huko kwetu.

Ndipo dada Hellena akakuonyesha kwenye simu yake, ukanipigia ukilia kwa furaha. Ulisema baba yangu angekuwa hai angeona mwanawe ana magari matatu, moja jeupe, moja jeusi na moja la rangi ya majivu. Siku ile nilikuwa nimesimama nje ya chumba changu nikisubiri ndoo yangu ijae maji. Nilitaka kukwambia. Lakini wewe ndiye uliyenilea tangu nina miaka sita, na sikuwahi kukusikia ukijivunia kitu hata mara moja. Nikasema, ni neema tu Shangazi.

Krismasi unaikumbuka. Nilifika na gari, ile Noah nyeupe. Ukaizunguka ukiipapasa, ukasali, kisha nikakupeleka kanisani ukiwa umekaa mbele, na wanajumuiya wote wakasogea kukushika mkono uliposhuka. Shangazi, gari lile lilikuwa la mteja wa Kasanga. Nilitumwa nimpelekee, nikachepuka kuja kwako bila kumwambia bosi. Uliponiuliza, "Ni lako, Wili?" nilijibu ndiyo. Kesho yake nililikabidhi Kasanga, nikarudi Sumbawanga kwenye lori la dagaa.

Hilo ni la kwanza, na ningeishia hapo ningekuwa nimekudanganya tena.

Wiki iliyopita Masalu alikuja yadini. Ndiyo, Masalu jirani yako, mwenye ng'ombe. Alikuwa anatafuta pikapu iliyotumika. Alinikuta nimevaa koti, nazunguka gari. Akangoja mpaka nikamaliza kusema, akanisalimia kwa heshima, akaniuliza katika haya yote la kwangu ni lipi, maana lile jeupe halioni. Kabla sijafungua mdomo Shedrack akacheka, akamwambia kijana huyu hana hata baiskeli, kazi yake ni kuongea tu.

Masalu hakucheka. Akanivuta pembeni, nyuma ya kontena. Akaniuliza mwezi wa tatu nilikuwa wapi. Hakungoja nijibu. Akanieleza yeye, taratibu, mambo ambayo wewe na dada Hellena hamkuwahi kuniambia.

Akanieleza jinsi ulivyoteleza kwenye tope ukitoka shambani, akakusikia ukiita, akakubeba na mke wake mpaka ndani. Siku ile ile akaleta mkokoteni wa ng'ombe mlangoni, ametandika majani na godoro juu. Ukakataa kupanda. Ukamwambia mwanangu anakuja na gari, amesema kesho asubuhi, nisije nikapishana naye njiani. Kesho yake akaleta tena mkokoteni. Ukakataa tena, na mguu umeshavimba hauwezi kuguswa. Kila gari lililosikika mbali ulimtuma dada Hellena atoke akatazame. Siku ya tatu Masalu hakuuliza. Alikuinua na godoro lako, akakulaza kwenye mkokoteni, akatembea mbele ya ng'ombe kwenye mvua mpaka barabara kubwa, na huko ndiko mlikopata gari la kuwafikisha hospitali. Alisikia daktari akimwambia dada Hellena kwamba mfupa ulikuwa umekaa vibaya kwa siku mbili, na kwamba ungefika siku ya kwanza ungetembea kama zamani.

Alipomaliza aliniambia, "Mimi sitamwambia mama. Hii habari ni yako, ipeleke mwenyewe." Akaondoka bila kununua kitu.

Sasa nakuandikia mwezi wa tatu nilikuwa wapi.

Niliwaambia niko mpakani Tunduma napokea magari, kisha nikasema nimeharibikiwa gari njiani, Laela, nasubiri kifaa. Sikuwa Tunduma wala Laela. Nilikuwa hapa hapa Sumbawanga, siku zote tatu. Dada Hellena alipopiga siku ya kwanza nilikuwa yadini, na niliposema nakuja kesho asubuhi nilikuwa na nia kweli. Nilimwomba Shedrack gari. Akakataa, akasema haya hayajasajiliwa, likikamatwa njiani nitalipa na nini. Simlaumu. Yusto alisikia, akanishauri nikodi teksi, akasema yupo dereva rafiki yake atakayekubali tukaelewana baadaye. Akaniambia, "Mgonjwa haangalii gari ni la nani."

Nilikwenda mpaka stendi kumtafuta yule dereva. Nilimwona, Shangazi. Alikuwa amekaa kwenye gari lake anakula chungwa. Nikasimama ng'ambo ya barabara, nikaanza kuona jinsi tutakavyoingia Mwazye, mimi nimekaa siti ya abiria kwenye teksi chakavu, watu wametoka nje, na mtu mmoja tu akiuliza ile nyeupe iko wapi. Nikageuka nikarudi yadini. Hapakuwa na kingine kilichonizuia. Nauli haikunizuia, wala mvua, wala bosi. Niliona haya, na kwa haya yangu nikakuacha na mfupa uliovunjika.

Na siku ya pili, wakati dada Hellena anatoka nje kila dakika kutazama barabara, mimi nilikuwa narekodi. Lilikuwa gari la familia, refu. Nililaza siti za nyuma, nikatandika godoro dogo, nikalipiga kwa kiganja, nikasema mbele ya simu kwamba hapa hata mgonjwa analala bila shida mpaka hospitali. Tulirudia mara nne kwa sababu sauti ilikuwa inanikatika. Mara ya tano ikatoka nzuri. Gari liliuzwa wiki ile ile, Shedrack akanipongeza mbele ya wote. Video bado ipo. Dada Hellena anaweza kuitafuta akaona tarehe.

Baadaye mkaniambia unaendelea vizuri, nami nikatuma blanketi na sukari. Nasikia kwenye jumuiya ulinitetea, ukasema mwanangu aliharibikiwa njiani, asingeharibikiwa angekuwa wa kwanza kufika. Maneno hayo ndiyo yanayonichosha, Shangazi, kuliko kuzunguka magari. Nasema karibu uone chombo changu, na wewe nakuona umelala unasikiliza barabara.

Siombi unisamehe kwa barua. Ukitaka kukasirika, nikasirikie nikiwa mbele yako. Nimeomba ruhusa ya wiki mbili. Shedrack amesema nikirudi huenda nikakuta mtu mwingine amelivaa koti, nikamwambia sawa. Nimesikia ulezi wako umekomaa na hakuna wa kuuvuna, kwa kuwa huwezi tena kusimama shambani. Nitauvuna mimi. Jumapili ukiruhusu nitasimama kwenye jumuiya niwaambie mwenyewe kwa mdomo wangu kwamba sikuharibikiwa njiani, ili wasikuone wewe uliyenitetea kuwa ndiye mwongo.

Nisalimie wanajumuiya wote, na Coleta wa jirani aliyekuwa anakuchotea maji. Mpe Masalu na mke wake salamu za pekee. Mwambie mzigo alionipa nimeufikisha. Dada Hellena, ahsante kwa kusoma mpaka hapa. Najua mbele ya mama haikuwa rahisi.

Nitafika Jumamosi mchana. Basi litanishusha njia panda, na kutoka pale nitatembea. Nakuomba, Shangazi, siku hiyo usimtume mtu nje kutazama barabara. Mimi nitabisha mlangoni.

Ni mimi mwanao,
Wilibrodi