Baba, Taa Yako Imewaka

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naandika salamu hii kwa mazoea, maana najua hutaitikia.

Unaikumbuka Jumamosi ile nyumbani Gitting, taa za breki za gari lako la mgongo wa chura zilipogoma? Ulibadilisha balbu, ukakagua fyuzi, ukasugua kutu kwa msasa. Mimi nilisimama nyuma, kwa sababu anayekanyaga breki hawezi kuiona taa yake mwenyewe.

"Karani! Imewaka?"

"Bado, baba."

"Angalia vizuri. Au huko shamba la ngano karani analipwa afumbe macho?"

Mama alicheka mpaka akatua debe lake la maji. Mwishowe ulijilaza chini ya gari, ukazichomoa waya mbili kwenye swichi ya breki, ukazigusanisha. Taa zikawaka. "Taa hazina kosa," ulisema. "Swichi ndiyo iliyokufa." Ukafunga nyingine, uliyoitoa kwenye gari bovu la mwalimu mwenzako. Ukakanyaga. Nikapiga kelele, "Zimewaka, baba! Zote mbili!" Hukushuka kuja kuhakikisha. Neno langu lilikutosha.

Jumatatu yake lori la ngano la shamba lile ninakofanya kazi lilikugonga kwa nyuma, katika vumbi la barabara ya Katesh. Dereva anasema ulifunga breki bila taa. Tulipokwisha kukuzika, meneja aliniita ofisini, akafunga mlango.

"Kijana, pole. Lakini gari la mzee lilikuwa bovu, kila mtu anajua. Polisi wakikuuliza, sema hujui. Nyumba unayolala ni ya shamba, umesahau?"

Tangu hapo silali, na simwogopi meneja peke yake. Jumamosi ile ilikuwa mchana, jua la utosi, na taa za gari lako ni hafifu. Je, niliziona kweli, au niliona jua likimeta kwenye kioo chekundu? Kama lilikuwa jua, basi sauti yangu ndiyo iliyokupeleka barabarani.

Leo nimekwenda na mama kituo cha polisi, gari lilikovutwa. Nyuma kumebonyea kote. Taa ya kushoto imesagika, ya kulia imebaki. Askari wa zamu alituruhusu kujaribu, akasimama kando akituangalia. Mama hajawahi kuketi kwenye kiti chako. Aliingia polepole, akakaza khanga, akageuza ufunguo kama nilivyomwelekeza, akakanyaga.

Nilikifunika kioo cha taa kwa koti langu, jua lisinidanganye, nikaingiza kichwa. Humo gizani taa ilikuwa nyekundu.

"Toa mguu, mama." Ikazimika.

"Kanyaga." Ikawaka.

Nilidhani nitashusha pumzi. Badala yake nilikiacha kichwa humo ndani ya koti. Ingekataa, ningekulilia maisha yangu yote, ila ningepata sababu ya kunyamaza. Sasa sina.

"Imewaka?" mama aliuliza, vilevile ulivyouliza wewe. "Sema basi, mwanangu. Mimi huku siioni."

Askari alikuwa amenikazia macho. Nilitoa kichwa kwenye koti.

"Imewaka, mama."

Sauti ilitoka ndogo. Nikamgeukia askari, nikalirudia neno hilo.

Kesho naandikisha maelezo yangu. Naogopa, baba, na godoro nimeshalifunga kamba. Lala. Uliponiamini hukukosea.

Mimi mwanao,
niliyesimama nyuma ya gari.