Mpira Nyuma ya Pazia

Jumamosi, 22 Juni 2002

Senegal wametolewa! Na Uturuki! Hata chakula sitaki. Dakika tisini hakuna kitu, nyongeza ndiyo kwanza imeanza, mara mtu kachomeka mguu — basi, mpira umekwisha, Afrika rudini nyumbani. Eti goli la dhahabu. Dhahabu gani? Kutu tupu.

Na mimi nilitabiri! Juzi, pale barazani, kwenye duka la Bushiri, ninapowekaga cherehani yangu, mbele ya watu wote: Senegal mbili, Uturuki moja. Sasa Bushiri atanisimanga mpaka Krismasi. Leo alikuja kuangalia hapa kwangu, na goli lilipoingia alisimama juu ya kochi langu na viatu. Eti Uturuki ndugu zake katika dini. Nikamuuliza, na Senegal je, si Waislamu? Akasema fundi, ndugu ni yule anayeshinda.

Sawa. Kuna nusu fainali. Ujerumani na Korea Jumanne, Brazil na Uturuki Jumatano. Nimemwambia Bushiri, Uturuki wako anafia hapo hapo.

Usiku huu mume wangu Jotham kaniambia baba yake anakuja kesho kukaa kwetu. Kaniambia huku anapita na ndoo ya maji mkononi, bila kusimama, yaani ameshaamua. Sijui hata niandike nini.

Jumapili, 23 Juni

Amefika. Nimemsikia tu, kikohozi na fimbo. Nilikuwa nimeshakimbilia uani.

Maskini, si kosa lake. Alichomwa na bua la mahindi kwenye jicho, huko Isongole, na jicho la pili lilishazima miaka mingi. Hospitali ya Igogwe wamemtibu vizuri, wamelifunga bandeji, isiguswe mpaka arudi Ijumaa. Kwake wanapikia kuni ndani, moshi ni sumu kwa jicho bichi. Kwetu tunapikia nje, kwa mkaa. Sababu naielewa. Kisichonielea ni kwamba mimi mwenye nyumba sikuulizwa.

Maana ni hivi: ukutila, mwiko wa mkwe! Nisimwone baba mkwe, asinione, asisikie hata sauti yangu. Jina lake nisilitaje — hata hapa silitaji, mkono wenyewe unagoma. Kwao Isongole tukienda napita njia ya nyuma, kichwa nimefunika, siku mbili zimekwisha, narudi zangu mjini Tukuyu. Leo yeye ndiye kaja mjini. Na Jotham amemweka wapi? Sebuleni! Kwenye kochi! Mbele ya TV yangu! TV ambayo sio Jotham aliyeinunua, ni sketi za wanafunzi na magauni ya maharusi.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe nitampaje, na hata kumwona siruhusiwi?

Wifi yangu Elina amekuja naye, ndiye atakayempelekea chakula. Mimi nipike tu.

Jumatatu, 24 Juni

Redio imetangaza ajali ya treni huko Dodoma. Watu wengi sana wamekufa. Barazani leo hakuna aliyebishana. Nimeshona, nimerudi.

Jumanne, 25 Juni

Ninaandika kwa hasira.

Ujerumani na Korea, saa nane na nusu. Nilifunga cherehani mapema. Bushiri kasema Korea, kwa sababu wamewatoa Italia na Hispania. Hezron, yule anayeuza vipuri stendi, kasema Ujerumani, kwa sababu Mjerumani hata akicheza vibaya anashinda. Mimi nikasema Ujerumani, moja bila. Wakanicheka, eti fundi baada ya Senegal bado una mdomo.

Nikafika nyumbani. Nikasimama uani, nyuma ya pazia la mlango. Lile la neti, ukiwa upande wa giza unaona ndani vizuri. Nilijipanga nitazame TV tu, upande wa kochi nisiangalie. Nikafanikiwa. Jotham yumo, anamsimulia baba yake, kwa sababu mzee haoni chochote na anaupenda mpira kuliko ugali.

Kumbe Jotham ndivyo anavyosimulia mpira! Mungu wangu. Wako katikati. Wanakimbia. Mmoja ameanguka. Kasimama. Wakati huo Wakorea wanakaba kila mahali, kipa wa Ujerumani kaokoa bonge la shuti, yeye anasema “wanakimbia”. Halafu akalala! Kweli, alikuwa ametoka kupakia viazi tangu alfajiri, lakini kulala nusu fainali? Goli likafungwa. Namba kumi na tatu wa Ujerumani, kapiga mara ya kwanza kipa akatema, kapiga mara ya pili ndani. Moja bila! Kama nilivyosema! Nikauma khanga nisipige kelele. Mzee akauliza kuna nini. Jotham akaamka na kujibu tu: Korea wamefunga, baba.

Korea!

Bushiri akaja jioni kumjulia hali. Mzee akamwambia kwa furaha, Wakorea wako fainali, vijana wadogo wale. Nikangoja. Bushiri akasema ndiyo, mzee, wamejitahidi sana. Heshima kwa mgonjwa! Sasa mzee amelala anaamini Korea wako fainali, na katika nyumba hii mwenye mdomo wa kumwambia ukweli ni mmoja tu, na ndio mdomo uliofungwa.

Jumatano, 26 Juni

Nimeongea.

Niandike kwa mpangilio. Jotham yuko Isongole kwenye viazi. Ukungu umeshuka tangu asubuhi, baridi, manyunyu, hakuna mteja. Nikaja nyumbani. Ndani ni mzee na Elina. Brazil na Uturuki. Mimi nyuma ya pazia.

Mzee anauliza, wanafanya nini? Elina anasema wanakimbia. Nani ana mpira? Elina anasema, yule. Yule nani? Yule mwenye kaptula. Wote wana kaptula, mwanangu! Nikasikia anapiga fimbo chini. Kipindi cha kwanza chote hivyo hivyo. Mzee wa watu anageuza kichwa huku na huku kufuata kelele — ndiyo, nilimtazama, nimeshaandika, basi. Nilimtazama mara moja.

Mapumziko, bila bila. Kipindi cha pili kikaanza. Mshambuliaji wa Brazil, aliyenyoa kichwa chote akaacha kiduku mbele, kachukua mpira kushoto, kaingia nao. Elina anasema wanakimbia. Nikasikia mtu anasema kwa sauti: “Kiduku huyo, anaingia, kapiga kwa ncha ya kiatu — goli! Brazil moja!”

Ilikuwa sauti yangu.

Elina kaweka mkono mdomoni. Mzee hakugeuka. Halafu akauliza, polepole, kama anauliza ukuta: “Na kipa alikuwa wapi?”

Nikamjibu. Nyuma ya pazia, uso nimeugeuzia mwimo wa mlango. Nikamwambia kipa aliugusa kidogo tu. Na nikaendelea mpaka filimbi ya mwisho. Nani kakaba, nani kaotea. Marehemu baba alikuwa mshika kibendera wa timu ya mashamba ya chai, kuotea nilikujua kabla ya kujua kusoma. Nikamwambia pia, mbele ya Elina, kwamba jana ni Ujerumani walioshinda, si Korea. Akacheka mpaka akakohoa.

Mwisho kasema: “Ndaga fijo.” Asante sana. Hakutaja kwa nani.

Moja bila. Barazani nilisema mbili. Lakini Uturuki amekufa, na Bushiri kafunga duka mapema eti anaumwa tumbo. Asiyekubali kushindwa si mshindani!

Alhamisi, 27 Juni

Elina kasema. Si kwa ubaya, alisema kwa kusifia: kaka, mkeo anajua mpira kama redio! Jotham akaweka kijiko chini.

Akanifuata jikoni. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Anasema nimemvua baba yake nguo. Anasema huko kwao hakuna mkamwana aliyewahi. Nikamwambia mtu amefungwa macho, hanioni! Akasema kufungwa macho si kufungwa masikio, na mkwe ni mkwe hata kaburini. Halafu ndiyo ikaja yenyewe: “Kesho wanafungua bandeji. Lile jicho lisipoona, watasema ni wewe. Na mimi sitakuwa na la kuwajibu.”

Yaani bua la mahindi limesamehewa. Aliyekosa ni mimi, Lilian.

Anataka nipeleke kuku Isongole kwa shangazi zake, nipige magoti, niombe radhi. Nimemwambia kuku nitampeleka siku watakaponionyesha nilichoharibu. Amelala kwa rafiki yake.

Na mzee mwenyewe? Kimya. Hajasema nimekosa, hajasema sijakosa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko maneno ya Jotham. Usiku nimemwomba Mungu jicho lile lione. Nimeomba kwa hasira, sijui kama inahesabika.

Ijumaa, 28 Juni

Linaona! Elina kaja anakimbia kutoka stendi. Anasema mzee amesoma kibao cha duka ng'ambo ya barabara.

Nililia kidogo, nyuma ya tanki la maji. Asante Mungu.

Jotham hakuniambia neno. Hata “umeponea”. Na mzee sasa anaona namba za jezi mwenyewe. Habari za nyuma ya pazia zimekwisha. Anabaki mpaka Jumatatu, anataka kuiona fainali.

Jumamosi, 29 Juni

Jotham ameniletea kitambaa. Kizito, cha bluu, kile cha makochi. Shona pazia, anasema, la mlango wa uani, lile la neti linaonyesha.

Nimelishona. Mimi mwenyewe! Pazia la kunizuia mimi nisiione TV yangu! Mshono wa mara mbili, maana kazi mbovu siwezi hata nikiwa na hasira. Bushiri alikuwa anatazama. Nikangoja utani. Akasema tu, fundi, kitambaa hicho hakipitishi hata mwanga. Nikamwambia ndiyo kazi yake.

Ubishi wa fainali ulikuwa mkali. Hezron kasema Ujerumani: kipa wao kafungwa goli moja tu mashindano yote, ule ni ukuta. Nikamwambia ukuta unao, lakini namba kumi na tatu kafungiwa kwa kadi, atakayeupeleka mpira mbele ni nani? Bushiri kahamia Brazil bila aibu. Nikatabiri Brazil, mbili bila. Hezron akaniuliza, na utaiangalia wapi, fundi? Hakuwa na nia mbaya. Nilivunja sindano.

Bushiri akasema njoo uangalie kwangu, mke wangu Tausi yupo, utakaa naye. Nimekataa. TV yake ni chenga tupu. Lakini si hiyo sababu. Nina nyumba. Kwa nini nikaombe kiti kwa watu?

Jumapili, 30 Juni

Kanisani sikusikia hata mahubiri.

Saa nane. Ndani wamejaa: Jotham, Bushiri, Hezron, majirani, mzee kwenye kochi. Mimi niko jikoni uani, kwenye kigoda, daftari mapajani, maharage yako motoni yanachemka. Pazia zito limefungwa. Nasikia mtangazaji tu, na watu wakiguna. Elina anaingia na chai, anatoka. Nikimuuliza anasema bado wanakimbia.

Mapumziko. Bila bila. Jotham amekuja kuchukua vikombe. Nikamwambia nataka kuingia. Na kiti changu, nikae nyuma kabisa, karibu na mlango. Akasema Lilian, usinitie aibu mbele ya watu. Nikasema watu hao wanaishi kwa utabiri wangu mwezi mzima! Akasema shida si watu, shida ni baba. Nikamwambia basi kamuulize baba. Akasema jambo hilo mwana hamuulizi baba yake. Akabeba vikombe akaenda. Hakumuuliza, najua. Mume wangu akiogopa anasema mila.

Kipindi cha pili. Ninaandika herufi kubwa kubwa, kalamu inatoboa karatasi. Nikiingia kwa nguvu, nimekwisha kwa ukoo. Nikikaa hapa, nimekwisha kwangu mwenyewe. Natamani umeme ukatike tukose wote!

Kelele! Goli! Wanaruka, kikombe kimevunjika. La nani? Nani kafunga? Elina yuko chooni. Mimi! Mimi ndiye nisiyejua, Tukuyu nzima!

Ngoja.

Wamenyamaza. Wote, kwa mara moja. Na sasa ni sauti ya mzee peke yake, kubwa, ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde, na inakuja upande huu:

“Brazil! Moja! Yule wa kiduku! Kipa kautema, yeye kaumalizia!”

Namsikia Jotham: “Baba, unaongea na nani?”

TV imepunguzwa sauti.

“Mkamwana! Nimeona kwa jicho langu. Umesikia?”

Elina ametoka chooni, amesimama katikati ya ua, anautazama mdomo wangu. Pazia linatikisika, sijui ni upepo au ni mkono wa Jotham. Naweka kalamu chini.