Telegramu Haijafunguliwa

Pande, Kilwa
9 Novemba 1994

Kaka yangu Jafari,

Shikamoo. Mikorosho imezaa sana, na siku hizi wanunuzi binafsi wanazifuata korosho mpaka mlangoni. Mwanangu ameota meno mawili.

Jumatatu tuliletewa telegramu kutoka Dar. Unajua hapa kwetu telegramu ni msiba tu. Mama alipoiona bahasha alisema, "Jafari," akashika kifua, akaanguka. Tangu siku hiyo moyo unamwenda mbio, mkono wa kushoto unamuuma, na mlango ukigongwa tu anatweta kama aliyekimbia. Daktari wa zahanati amempa vidonge, akatuonya: asishtuliwe tena, mshtuko wa pili hatauweza.

Bahasha ameifunga kwenye pindo la kanga. Hataki ifunguliwe. Anasema, "Isiposomwa, mwanangu yu mzima."

Akilala ningeweza kuifungua, kaka, lakini hata mimi kila nikilishika pindo naliachia.

Kama ulituma habari njema, tujibu upesi, kwa barua, uandike mwenyewe. Mwandiko wako naujua. Nakuomba, asije akanijibu mtu mwingine.

Mdogo wako, ninayekungoja,
Somoe