Mguu wa Boti Mezani

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mkeo na wajukuu zangu. Natumaini hamjambo wote na kile kikohozi chako kimekwisha. Kama hakijaisha, acha ubishi uende hospitali. Mimi ni mzima. Magoti ndiyo yananilalamikia, lakini yalianza kulalamika tangu nikiwa mkunga kazini, nimeyazoea.

Uliniandikia kwamba kabla ya kuuza boti ya marehemu baba yako nitafute fundi aukague mguu wake. Naomba ukumbuke maneno hayo, maana lawama, kama ipo, nusu ni yako.

Nilimpata fundi mmoja mgane, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Alinieleza kwamba mguu ni kile chuma kinachoning'inia nyuma ya boti, kinachopokea nguvu ya injini iliyo ndani na kuzungusha pangaboi linalosukuma boti majini. Alipomwaga oili yake ikatoka nyeupe kama maziwa. Akasikitika, akasema maji yameingia, lazima mguu ushuke. Akaweka gia ya mbele, akafungua nati sita, tukauegemeza kwenye jeki, tukavuta. Wapi! Akavuta tena mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Nikamwambia, "Fundi, nimezalisha miaka thelathini. Kinachokataa kutoka hakivutwi kwa hasira. Kitikise taratibu, halafu kipe nafasi." Alinitazama kama mtu aliyetukanwa, lakini akatii. Mguu ukachomoka ghafla, fundi akaketi chini pu! ameupakata kama kichanga. Nilicheka hadi nikashika ukuta. Naye akacheka.

Kwa kuwa uani kuna vumbi, tuliuingiza ndani tukaulaza kwenye meza ya chakula, juu ya shuka kuukuu. Dada yako alipokuja Jumapili alikula sahani ikiwa mapajani, amenuna, akauliza mgonjwa huyu ataruhusiwa lini. Nikamjibu kwamba daktari bado anamwangalia.

Na kweli alimwangalia. Kazi ya siku mbili ilichukua wiki tano. Alibadilisha ule mpira wa mikunjo unaozuia maji, akanifundisha kupaka grisi meno ya shafti, ile fimbo ya chuma inayoleta nguvu ya injini. Sasa nina ovaroli yangu. Lakini ilipofika zamu ya sili, ile pete ndogo ya mpira inayotenga maji na oili, haikuonekana. Alitafuta chini ya kochi, akatafuta mpaka ndani ya viatu vyangu. Akaagiza nyingine, ilipofika nayo ikapotea vilevile. Basi kila siku alikuja kutafuta, na kila siku tulikunywa chai na kuzungumza.

Najua siku ya mazishi uliapa kwamba hakuna mwanamume atakayekalia kiti cha baba yako. Hajakikalia hata mara moja, wala sikumkataza. Huketi juu ya ndoo yake ya spana.

Mwanangu, sasa kaa kitako. Sili zile hazikupotea. Nilizificha mimi, mama yako, mtu mzima na akili zangu timamu, ndani ya kopo la sukari. Niliogopa kazi ikiisha nitabaki na meza tupu.

Wiki iliyopita fundi alinitamkia kwamba anataka kunioa. Aibu ikanishika. Niliona siwezi kuanza nyumba kwa uongo, nikamletea kopo, nikakiri. Akavua miwani, akaifuta, akasema, "Mkunga, mimi natia vijiko vitatu. Ile ya kwanza niliiona siku ileile. Nikafunika kopo, nikaendelea kutafuta."

Mguu umesharudi mahali pake, na boti inakwenda kama imetumwa. Siiuzi. Fundi anasema hafungi ndoa mpaka aje kuzungumza nawe uso kwa uso. Atafika Jumamosi. Tafadhali usimhoji kama polisi. Akiogopa hupoteza maneno, na mtu huyu nampenda.

Nisalimie mkeo, na wajukuu uwakumbatie mmoja mmoja. Nijibu upesi. Ukikubali, andika barua ndefu. Ukikataa, usipoteze stempu.

Ni mimi mama yako,
Mkunga